Kondoo Sita wa Dirishani

Kuna watu wanaoshukuru kwa mdomo, na kuna Mama Jocelyne Kabemba wa Kapata, anayeshukuru kwa mwili mzima. Mpe kikombe cha maji tu: atakushika mikono yote miwili, atainama, kisha atakuuliza mama yako anaitwa nani ili amshukuru na yeye. Wageni huona haya. Majirani wenye haraka zao huzunguka nyuma ya nyumba, maana kumpita mlangoni siku aliyoamka na furaha ni kupoteza nusu saa. Hushukuru mvua, hushukuru dereva wa pikipiki ya taxi-moto aliyemfikisha bila kumwangusha, hushukuru hata bukari, ule ugali wetu, iliyoshika chini ya sufuria, kwa kuwa wapo waliolala bila hata hiyo iliyoungua. "Asiyeshukuru kidogo, hata kikubwa hashukuru," husema, na hapo ujue bado hajamaliza.

Ndiyo maana mwaka ule aliponyamaza, mtaa mzima ulishtuka.

Alizaliwa Sandoa. Alikuja Kapata akiwa na miaka kumi na tisa, bibi harusi aliyekaa juu ya magunia ya muhogo nyuma ya lori, mumewe Baudouin Ntambwe akimshika bega asidondoke. Baudouin aliendesha mashine katika kampuni ya shaba, na kampuni ilimpa nyumba kama ilivyowapa wenzake wote, safu kwa safu, mlango kama mlango, hata mlevi akirudi usiku aliweza kuingia kwa mke wa mtu bila nia yoyote mbaya. Wiki ya kwanza Jocelyne alilia kwa sababu ya sirene ya kampuni. Ililia alfajiri, ikalia mchana, ikalia jioni, kuita wafanyakazi, na kila ilipolia alirukia mlangoni akidhani vita imefika. Baada ya miezi mitatu alikuwa akikoroma katikati ya mlio, na Baudouin ndiye aliyemtikisa aamke kuchemsha chai. Usilisahau jambo hili la sirene, litatufaa huko mbele.

Walipata watoto wanne. Kampuni ilipodhoofika na kazi ikawa ya kubahatisha, Baudouin hakukimbilia mashimo ya kuchimba madini kama vijana walivyofanya. Alikwenda Sandoa kwa kaka yake mkubwa, Stanislas, akarudi na kondoo majike wawili na dume mmoja, akawajengea zizi nyuma ya nyumba, upande unaotazama dembo, lile bonde la majani mabichi ambalo halikauki hata Julai. Watu walimcheka, fundi wa mashine kugeuka mchungaji. Walicheka mpaka watoto wa mchungaji walipomaliza shule wakaenda kufanya kazi miji mingine. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Baudouin alikwenda kuwahesabu wanyama wake, na kila asubuhi Jocelyne alimtania kwamba anawahesabu kama mtu anayetazamia wameongezeka usiku kucha.

Kisha kifua kikamlaza Baudouin, kwa muda mrefu. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha la mbele, upande wa barabara, kwa ajili ya hewa. Wakati huo kondoo walikuwa majike sita na dume mmoja mwenye shingo nene, ambaye Baudouin alimwita Contremaître, yaani msimamizi wa kazi, kwa vile alipenda kusukuma wengine bila kufanya kazi. Zizi lilikuwa nyuma, na mgonjwa hakuweza tena kufika huko. Basi Jocelyne, kwa mikono yake, aling'oa miti ya zizi mmoja mmoja na kulijenga upya mbele ya nyumba, chini ya dirisha lile.

"Sasa utabaona kila siku," alimwambia.

Baudouin alijiinua kwa kiwiko, akahesabu mpaka sita, akacheka. "Aksanti, Jocelyne. Bakondoo hawa basiishe, unasikia?"

"Bataisha namna gani na mi niko hapa?"

Hiyo ndiyo ahadi. Alimpa mume wake kitandani, na yeye si mtu wa kutoa neno na kulirudisha. Baudouin aliishi mwaka mmoja na kitu akiwatazama wanyama wake dirishani, na kila jioni alimshukuru mkewe kwa ajili ya zizi lile. Alifariki mwisho wa Agosti.

Mama Jocelyne akavaa nyeusi, gauni jeusi na kitambaa cheusi cha kichwa, akaketi. Watu walimletea chakula akala nusu kijiko. Kondoo walibaki palepale dirishani, kwa sababu palikuwa mahali pa Baudouin na hakuna aliyethubutu kusema wahamishwe. Hakuwa na nguvu ya kuwapeleka dembo. Aliwakatia majani, leo mzigo, kesho kiganja. Barabara ile hupita malori ya madini mchana kutwa, na kila lori likifika kwenye kona ya Kapata hupiga honi na kufunga breki kwa kelele ya kutoboa sikio. Mbwa wa majirani nao huyakimbiza malori, kisha wakichoka huja kubwekea zizi. Tangu zizi lihame, hakuna jike hata mmoja aliyezaa. Mama Jocelyne hakuliona hilo. Aliyeliona ni Stanislas.

Stanislas Ntambwe alifika Januari kutoka Sandoa, mzee mrefu mwenye kofia ya kijivu na adabu za zamani, mkuu wa ukoo baada ya wazazi wao. Alileta muhogo, akalia machozi ya kweli mbele ya picha ya mdogo wake, akala, akanawa. Ndipo akasema kilichomleta. Kuondoa matanga kutakuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Ukoo utakuja wote, mjane atavuliwa nyeusi, na watu lazima wale.

"Shemeki," alisema kwa upole, "bakondoo ya ndugu yangu, miaka mbili habazale. Nyama isiyozala ni nyama tu. Tutabachinja siku ile, yee mwenyewe alishe batu yake mara ya mwisho."

"Ni bakondoo ya Baudouin."

"Njo maana. Lakini unajua sheria yetu. Jike iko na mimba, hatuchinje ku matanga. Nikikuya nikute iko na mimba, kisu yangu itabakia mu mufuko. Nikikuta hivi..." Alionyesha kwa kidevu mbavu zilizohesabika.

Hakuwa mtu mbaya, nasema mapema ili usimchukie bure. Ukoo wa kina Ntambwe unaamini kwamba anayechinja jike mwenye mimba kwenye matanga anakula watoto wa marehemu, na Stanislas angekula udongo kabla ya kuvunja mwiko huo. Lakini mwiko haumlindi asiye na mimba. Akaondoka. Mama Jocelyne hakumshukuru kwa muhogo, na jirani zake waliposikia hilo walitazamana.

Februari alikuja Mechack. Mechack Mbayo alikuwa amesomea udaktari wa mifugo Lubumbashi, kijana mwembamba, mwenye pikipiki, kisanduku cha barafu kwa ajili ya chanjo, na tabia ya kuzungumza na wanyama kwanza na watu baadaye. Siku hiyo alikuwa akichanja mbwa wa Kapata. Alipofika kwenye zizi la dirishani alisimama muda mrefu.

"Jambo yenu, mama. Bakondoo yenu banazala?"

"Unaona mutoto hapa?"

Aliruka ndani bila kuombwa, akawapapasa migongo, akawafunua macho, akawabana matumbo. Wakati huo lori likafika kwenye kona. Honi ikalia, breki zikapiga kelele, na majike wote sita wakajirusha ukutani kwa pamoja, macho meupe, wakasimama wakitetemeka muda mrefu baada ya lori kupita. Contremaître alibaki akitafuna. Mechack alitoka akijipangusa mikono.

"Mama, mu tumbo hamuna ugonjwa. Shida iko mu kichwa."

"Kichwa?" Kwa mara ya kwanza tangu Agosti, Mama Jocelyne alipandisha sauti. "Kondoo anazalia kichwa?"

"Ee, mama. Kuzala kunaanzia mu kichwa."

Akaomba kifuniko cha sufuria na kijiko. Akachuchumaa. "Chini kabisa ya bongo," alisema, "kuko kipande kidogo sana. Kazi yake ni kupiga." Akagonga kifuniko mara moja, akanyamaza, akagonga tena. "Kila ikipiga, inaangusha dawa kidogo tu. Chini yake kuko kitu ingine, kadogo kama kunde, njo inaipokea. Ile kunde nayo inatuma dawa yake mu damu, inashuka mpaka ku mayai. Bongo ikipiga kila saa, mayai inaamuka. Ikipiga mara moja asubui, na mara moja magaribi..." Akagonga, akaweka kijiko chini kabisa. "Mayai inalala."

"Na nani anaikataza kupiga?"

"Njaa. Na woga. Bongo ikiogopa inasema, hii si saa ya kuzala, ni saa ya kukimbia. Unaona? Inabachunga. Inakataa mutoto azaliwe mahali ya hatari."

"Na bwana yao, Contremaître, iko hapa kila siku, miaka sita!"

"Njo shida ya tatu. Arufu ya dume mupya ikiingia mu pua, bongo inaanza kupiga mbio, dakika kidogo tu. Lakini Contremaître, miaka sita? Bamemuzoea. Habamusikie tena."

Hapo Mama Jocelyne akasema polepole, "Kama sirene."

Mechack hakujua sirene gani. Alikuwa mtoto wa juzi. Ikabidi amweleze: jinsi alivyofika Kapata na kuruka kila ikilia, jinsi alivyozoea mpaka akawa haisikii, jinsi alivyokwenda Sandoa miezi miwili kumzika mama yake, na asubuhi ya kwanza aliporudi sirene ikamtupa nje ya kitanda kama ni siku ya kwanza. Mechack alimsikiliza mdomo wazi, akasema kwamba walimu wake Lubumbashi walitumia mwaka mzima kulifundisha jambo hilo na hawakulifundisha vizuri hivyo.

Kisha akatoa masharti. Zizi lirudi nyuma, upande wa dembo, mbali na barabara. Kondoo washibe: majani mabichi, pumba za mahindi, matembele. Contremaître aondolewe wiki sita, mbali, wasimwone, wasimsikie, wasimnuse. Baada ya hapo aletwe dume mwingine, wasiyemjua kabisa.

Sasa, lazima ujue kwamba Mama Jocelyne ni mama wa Kipendano, umoja wa wanawake wa kanisani, na kwa miaka mingi ndiye anayeketi na mabibi harusi kabla ya ndoa kuwafundisha kuvumilia waume zao. Alisimama, mikono kiunoni.

"Mi nafundisha babibi ba batu kukaa na mabwana yao, na wee unaniambia nifukuze bwana, nilete mwanaume mwingine mu nyumba? Na Kapata yote inaangaria?"

Mechack alicheka mpaka akashikilia pikipiki. Naye mama, bila kutaka, mdomo ulimcheza pembeni. Lakini alimwambia aende na barafu yake.

Ukweli ni kwamba dume halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa zizi. Kuling'oa pale dirishani kulikuwa kumwambia Baudouin, basi, umeshaondoka. Siku tatu alizunguka akilitazama. Siku ya nne mchana aliingia chumbani, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi: alijilaza kitandani kwa Baudouin, kichwa mahali pa kichwa chake, akatazama dirishani.

Aliwaona kondoo, wote sita. Akaanza kuwahesabu. Alipofika wa nne lori lilipiga honi, na kutoka pale kitandani aliona kile ambacho akiwa jikoni hakuwahi kukiona vizuri: wanyama wakijirusha, macho meupe, wakitetemeka. Lori lingine likaja, ikawa vilevile. Hivyo ndivyo Baudouin alivyowaona, mwaka mzima na kitu, mchana kutwa. Mtu aliyejua kondoo kuliko alivyojua mashine. Alijua zizi halifai pale. Na kila jioni alimshika mkono akamwambia aksanti, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba ile miti, na hakutaka kumwonyesha kwamba amekosea.

Alilia hapo mpaka mto ukalowa. Hakulia kwa uchungu tu. Alikuwa amependwa, na alikuwa amependwa kimya kimya, na alikuwa amechelewa kushukuru. Jioni ile majirani waliona Mama Jocelyne amefunga kitenge kiunoni juu ya nyeusi yake, anang'oa miti.

Contremaître alikwenda kukaa nyumbani kwa mama yake Mechack, ambako alikula mashuka mawili yaliyoanikwa. Majike walirudi dembo. Mama Jocelyne alitembea nao asubuhi na jioni, na kwa kutembea alipata njaa, na kwa njaa alikula. Wiki sita zikawarudishia kondoo mafuta mgongoni, na yeye mashavu.

Dume mgeni alitoka Manika, mtaa wa mjini, kwa Mama Rachelle, muuza bitoyo, samaki wakavu, sokoni, mama wa kanisa la uamsho, mwenye majike saba na dume kubwa lenye ndevu za kifuani. Dume hilo liliitwa Pasteur, kama mchungaji wa kanisa, kwa sababu ya sauti yake. Mechack alipanga wabadilishane, Contremaître aende Manika na Pasteur aje Kapata. Tarehe ishirini Machi, Pasteur alifika juu ya taxi-moto, amebanwa kati ya dereva na Mechack, akitazama watu kwa dharau.

"Pasteur hataingia mu zizi yangu kufanya ile kazi," alisema Mama Jocelyne. "Hapa ataitwa Mugeni."

Mugeni akaingizwa. Majike waliinua pua wote mara moja. Jike mkubwa kuliko wote, aliyeitwa Directrice kama mwalimu mkuu wa kike, aliacha majani mdomoni, masikio mbele, akanusa hewa muda mrefu.

"Sasa hivi," Mechack alinong'ona, akigonga tanki la pikipiki kwa ukucha, haraka haraka, "mu vichwa yao."

Mama Jocelyne alitazama vichwa sita vya kondoo kwa heshima ambayo hakuwahi kuwapa.

"Lakini mama, vumilia. Yai ya kwanza itashuka kimya, bila alama. Hautaona kitu. Ngoja siku kumi na nane. Usiniite kabla ya ile."

Mama Jocelyne alitia punje kumi na nane za maharage katika kikombe, kila asubuhi akatoa moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hawakusema mwenyeji apone siku ya ngapi. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya tisa Mugeni alikuwa analala kivulini, na majike wanakula wakimpa mgongo. Siku ya kumi na mbili Mama Jocelyne aliona sasa amefanywa mjinga: amemfukuza Contremaître wa watu, amevunja zizi la marehemu, na amelisha dume la walokole bure. Agosti ilikuwa inakuja. Alichukua kamba, akaifunga shingoni mwa Mugeni, akamvuta mpaka njiani kutafuta pikipiki.

Hapo akakumbuka kikombe. Punje sita bado. Alisimama njiani na dume kwenye kamba, watu wakimpita, akajiuliza ni nini alichowafundisha wasichana wote wale kama si kungoja. "Bon," alimwambia Mugeni, kwa hasira, "turudi."

Punje ya mwisho ilitoka tarehe saba Aprili. Alikuwa amevaa tayari kwenda Kipendano. Alipita zizini, na alichokiona kilimfanya ajifunike macho kwa kiganja, vidole vikiwa wazi vya kutosha. Directrice alikuwa amesimama kando ya Mugeni, akitikisa mkia kama msichana wa Manika, na Mugeni amekunja mdomo wa juu, hana dharau tena. Siku ile Kipendano hawakumwona. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaimba nyimbo zote alizozijua, na jirani wa kwanza aliyepita alishikwa mikono, akashukuriwa nusu saa bila kujua kwa nini. Mtaa ukajua kwamba Mama Jocelyne amerudi.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti walifika wote, ukoo wa kina Ntambwe, kwa lori moja na mabasi mawili madogo. Stanislas alishuka wa kwanza, kofia yake ya kijivu kichwani, mfuko wa kisu begani. Aliwasalimu wazee, akanywa kikombe kimoja cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, akaomba aonyeshwe kondoo. Alitazama dirishani, akakuta nafasi tupu yenye majani yaliyoota.

"Bako ku nyuma, shemeki," alisema Mama Jocelyne. Wote sita walikuwa wamepita kwa Mugeni wiki ile ya Aprili, na aliwaona yeye mwenyewe wamenenepa, lakini unene si mimba, na macho yake yalikuwa macho ya mtu anayetaka kuiona.

Stanislas aliingia zizini peke yake. Watu walisimama nje. Alimshika jike wa kwanza, akapeleka mkono chini, akapima kiwele, akamwacha. Wa pili. Wa tatu. Alipofika wa tano alivua kofia. Directrice hakumngoja; alikuwa amejitenga pembeni, akikwaruza chini kwa kwato, akilala na kuinuka. Mzee alimtazama, kisha akatazama kisu chake, akakitoa begani na kumpa mtu aliye karibu kupitia juu ya miti.

"Kamateni hii," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Leo haina kazi hapa. Mutu aniletee maji."

Utauliza wageni walikula nini. Mama Rachelle aliingia wakati huohuo, amepanda nyuma ya pikipiki ya Mechack, na nyuma yao pikipiki ya pili imebeba kondoo mnene aliyehasiwa, miguu imefungwa. Kumbe Contremaître yule, aliyedhaniwa amekwisha, alikuwa mgeni huko Manika, na majike saba wa Mama Rachelle hawakuwa na kinga yoyote dhidi yake. "Mama, bwana yako amefanya kazi!" alipiga kelele kabla hajashuka. "Nimeleta aksanti!" Ilichukua muda kwa ukoo wa kina Ntambwe kuelewa ni bwana gani anayezungumziwa, na katika muda huo nyuso za wazee zilikuwa za kutazamwa.

Mwana-kondoo alizaliwa kabla ya saa sita mchana, huku waimbaji wa Kipendano wakiwa katikati ya wimbo. Alianguka juu ya majani, mdogo, ameloa, na upepo wa Agosti ulikuwa wa baridi. Directrice alimlamba, lakini mtoto alitetemeka hakuinuka. Mama Jocelyne hakutafuta kitambaa. Alivuta kilichokuwa kichwani mwake, kile cheusi alichokifunga mwaka mzima, akapiga magoti, akamsugua mtoto kwacho mbavu na miguu, kwa nguvu, mpaka akalia. Kisha akamfunika kwacho mgongoni, akamsukuma taratibu kwenye ziwa la mama yake.

"Ni bibi ao ni bwana?" Mechack aliuliza kutoka nje.

"Ni jike. Jina yake Mechack."

"Mama!"

"Nyamaza. Nakushukuru."

Saa ya kumvua mjane ilipofika, dada zake Baudouin walimwogesha, wakamvika kitenge cha njano na kijani, wakakusanya nyeusi zake kuzichoma kama desturi ilivyo. Gauni lilikuwepo. Kitambaa cha kichwa hakikuwepo. Wakaanza kunong'ona, maana nyeusi isiyochomwa ni matanga yasiyokwisha. Stanislas aliwaendea, akawaonyesha kwa kidevu upande wa dembo, ambako mtoto wa masaa matatu alikuwa amelala juani, amejifunika.

"Ile muache," alisema. "Iko na kazi."

Jioni, wageni wakiwa bado wanakula, Mama Jocelyne aliingia chumbani, akafungua dirisha la mbele. Barabara ilikuwa na lori lake, honi yake, vumbi lake, na hakuna kilichoshtuka. Alisimama pale alipokuwa akilala Baudouin, akahesabu kwa vidole wale asiowaona kutoka huko. Sita, akasema. Kisha akasema saba.

"Aksanti, Baudouin," aliongeza, na kwa mara ya kwanza alimaliza kushukuru kwa maneno mawili, akaenda kuwapakulia watu chakula.